Daftari la Waliosubiri

Habari ilinikuta nimeinama juu ya kinywa cha mtu. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020, na televisheni ya chumba cha kungojea ilikuwa inasema peke yake kama kawaida. Nikamsikia Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akitangaza kwamba Kenya imepata mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Aliyekuwa kitini kwangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mdomo wazi, shavu limekufa ganzi, na gego lake la chini nimelichonga nusu. Nisingeweza kuacha. Jino likishafunguliwa halina budi kufungwa.

Nikakanyaga kidude cha mashine, ikalia, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitatu ya kazi hii nikauona ule ukungu. Siku zote ulikuwepo. Mashine ya kuchonga meno huzunguka hadi mara 400,000 kwa dakika, na isipomwagiwa maji huliunguza jino likafa. Basi maji hutoka nchani, yakaligonga jino, yakachanganyika na mate na damu, yakapaa. Chini ya mwanga wa taa ya kiti vile vitone vilikuwa vikielea bila haraka, vingine vikinijia usoni, vingine vikitua juu ya mkono wa msaidizi wangu aliyeshika mrija wa kufyonza mate. Tulikuwa tumevaa barakoa nyepesi za buluu, zile za kila siku. Tukatazamana. Hakuna aliyesema neno mpaka mwalimu alipoinuka, akasukutua, akatuuliza kama ni kweli.

Siku tatu baadaye chama cha madaktari wa meno cha Marekani kiliwataka wanachama wake waahirishe kila kisichokuwa dharura. Tarehe 25 mwezi huohuo England nzima ikasimamisha matibabu ya kawaida ya meno. Sisi wa Mombasa tuliyasoma hayo usiku, kwenye makundi yetu ya WhatsApp, pamoja na mchoro wa gazeti la The New York Times uliozipanga kazi kwa hatari yake. Watu wa meno tulikuwa kule juu kabisa. Nilikuwa nikiufungua mchoro huo kitandani, nikiufunga, nikiufungua tena. Chumba cha pili alikuwa amelala mamangu, mzee mwenye sukari, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtia dawa ya macho kila asubuhi kwa vidole hivihivi.

Nikaamua kama walivyoamua wengi: dharura tu. Dharura ni damu isiyokatika, ni uvimbe unaopanda jichoni au kushuka shingoni, ni taya lililovunjika, ni maumivu yanayomshinda mtu hata baada ya dawa. Kilichobaki kingoje: kuziba, kusafisha, meno ya bandia, hata kumalizia mzizi ulioanza kutibiwa. Kwenye karatasi mpaka huo ulisomeka vizuri. Kinywani haupo. Tundu la leo ni usaha wa mwezi ujao, na kati ya mambo hayo mawili hakuna ukuta, kuna siku tu zinazopita.

Msaidizi wangu akanunua daftari lenye jalada gumu la kijani. Kila tuliyemrudisha nyumbani tulimwandika: jina, simu, jino lipi, na mwisho wa mstari neno moja, subiri. Kufikia mwisho wa Machi kulikuwa na majina 41.

Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Msaidizi wangu anakaa Likoni, na asiyekijua kivuko cha Likoni hajui maana ya watu kukaribiana. Nilimwachia mapema, saa tisa, lakini kila mwajiri wa kisiwa hiki alikuwa na wazo hilohilo. Walisongamana kivukoni maelfu, saa zikasonga, na kabla watu hawajavuka yakarushwa mabomu ya machozi. Alirudi kazini kesho yake macho mekundu. Aliniambia jambo moja tu, huku akipanga vyombo: "Daktari, ilinibidi niivue barakoa ndiyo nipumue." Halafu akanawa mikono, akaivaa nyingine, tukaendelea.

Tarehe 8 Aprili kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hapana kuingia wala kutoka. Wagonjwa wangu wa Ukunda na Mtwapa wakawa ng'ambo. Zilikuwepo siku nilizofungua mlango, nikapanga koleo na sindano, na jioni nikavirudisha kabatini vikiwa havijaguswa. Kodi ya nyumba haikujua korona. Kwa miezi mitatu nilimlipa msaidizi nusu mshahara, na mwezi wa nne nikaanza kumrudishia ile nusu kidogo kidogo.

Kisha Ramadhani ikaingia. Mtu wa bara huenda asilijue hili: Mombasa, Ramadhani ni mwezi wa kutibiwa meno usiku. Masheikh wengi wamefafanua kwamba ganzi na kung'oa havimfunguzi mtu maadamu hamezi kitu, lakini ni nani anayetaka kufunga huku maji na damu vinamzunguka ulimini? Watu hufuturu, huswali tarawehe, ndipo wanapokuja. Miaka yote tulifungua hadi saa tano usiku, na barabara nje inanukia viazi karai. Mwaka ule, kati ya adhana ya Magharibi na kafyu ilibaki kama nusu saa. Nusu saa ya kula tende, kunywa maji, kuswali, kuvaa, kufika kwangu, kutibiwa na kurudi. Haiwezekani. Maumivu yakafungiwa majumbani pamoja na watu.

Sasa nisimulie habari ya mama wa Kibokoni.

Ni muuza mahamri, mtu wa makamo, mcheshi, aliyekuwa akinijia na mahamri yake kwenye bakuli lenye kifuniko kila alipokuwa na miadi. Katikati ya Machi nilikuwa nimefungua gego lake la chini upande wa kulia, nikasafisha mizizi, nikaliziba kwa simiti ya muda, ile inayokandwa kwa unga wa zinki na mafuta ya karafuu. Harufu ya karafuu ndiyo harufu ya kazi yetu. Aliyewahi kukaa kiti cha meno anaijua. Nikamwambia arudi baada ya wiki mbili nimalizie. Wiki mbili zilipofika tulikuwa tumeshaanza kuahirisha, naye akaandikwa daftarini mstari wa tisa. Simiti ile ni mlinzi wa wiki chache. Mimi nalijua hilo. Yeye hakuwa na sababu ya kulijua.

Tarehe 6 Mei serikali ikaufunga Mji wa Kale, pamoja na Eastleigh kule Nairobi. Ilisemwa siku 15, zikaongezwa. Vizuizi vikawekwa kwenye njia za kuingilia, na Kibokoni yote ikawa ndani. Usiku mmoja wa kumi la mwisho la Ramadhani simu ililia saa nne.

"Daktari mwanangu, ile simiti imetoka, na jino halinipi usingizi."

Nikamuuliza kama uso umevimba. Akasema hapana, labda kidogo. Nikampigia kijana wa duka la dawa mtaani kwake, nikamwelekeza antibiotiki na dawa ya maumivu, akampelekea mlangoni. Nikampigia tena mama: "Kunywa hizi, subiri siku tatu." Nikalala nikijiona nimefanya kazi yangu.

Sikumpigia siku ya pili. Siku ya tatu, saa tatu usiku, alipiga bintiye. Mama hawezi kumeza mate. Anasema kama mwenye tonge mdomoni. Nikamwambia amguse chini ya kidevu. "Pagumu," akasema, "pagumu kama ubao." Nikamwambia amulike kinywani kwa simu. Ulimi, akasema, umeinuka.

Wanafunzi wa meno huambiwa habari hii darasani mwaka wa tatu na hawaisahau. Usaha wa magego ya chini ukishapenya upande wa ndani wa taya huenea chini ya ulimi, ulimi huinuliwa na kusukumwa nyuma, na njia ya pumzi huziba. Mtu hufa kwa jino. Hafi kwa maumivu yake, hufa kwa kukosa pumzi. Nilimwambia binti maneno matatu kwa nguvu zangu zote: usimlaze, mkalishe, toka. Kafyu iko, kizuizi kiko, toka hivyohivyo. Askari wa zamu pale kizuizini alimtazama mama mara moja usoni, akaacha kuuliza, akawaitia gari. Sijawahi kumjua askari yule. Namwombea.

Walimpasua chini ya taya usiku uleule, usaha ukatolewa, jino likang'olewa. Alilazwa siku tisa, na Idd ikamkuta wodini na mrija shingoni.

Vizuizi vilipoondolewa mwezi wa Juni nilikwenda kumtazama. Nilisimama mlangoni na barakoa yangu, mikono sijui niipeleke wapi, kwa sababu hapakuwa na kupeana mikono siku zile. Alinikaribisha ndani. Alikuwa amekonda. Kovu lilikuwa jipya bado, refu kama kidole, limejificha chini ya mtandio mpaka alipoinua kidevu kunionyesha. Nikaanza kuomba radhi kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani. Akanikata.

"Dawa hukukosea," alisema. "Ulinambia nisubiri. Mimi ni mtu wa kusubiri, mwanangu, nimesubiri mengi dunia hii. Lakini ulinambia nisubiri, kisha ukaninyamazia."

Nimeyachukua maneno hayo kutoka Kibokoni mpaka leo. Dawa yoyote ninayompa mtu nina adabu nayo: namwambia kiasi gani, mara ngapi kwa siku, ikimdhuru atajuaje, arudi lini. "Subiri" nilikuwa nikiitoa kama hewa. Niliitoa mara 41 katika mwezi mmoja, bila kipimo na bila tarehe, na nikaamini kwamba nimeahirisha matibabu. Kumbe nimetibu. Kumwambia mtu mwenye jino bovu asije ni tiba, tena tiba kali, yenye madhara yake, na daktari anayeitoa hana ruhusa ya kuiacha ifanye kazi peke yake gizani. Hili hakuna mwongozo ulioniambia. Miongozo yote ya mwaka ule ilituambia nani tusimwone. Sikuuona uliotufundisha namna ya kumwangalia mtu tusiyemwona.

Jioni ile nililifungua daftari la kijani na kuanza kupiga simu kuanzia mstari wa kwanza. Tukaweka Alhamisi kuwa siku ya simu, mimi nusu ya majina, msaidizi nusu. Maswali yaleyale kwa kila mtu: umelala? umekula upande gani? ukiguswa chini ya taya? unameza? Wenye simu za picha tuliwafundisha kuvuta shavu kwa mpini wa kijiko na kuomba mtu amulike kwa tochi. Picha nyingi zilitoka giza tupu, au zilitoka pua. Lakini moja katika hizo ilinionyesha jipu kwenye ufizi wa mtoto wa miaka sita siku mbili kabla uso wake haujavimba, na hiyo ilitosha kunifanya nizitazame zote.

Watu hawakujibu ya meno tu. Mhudumu wa hoteli moja ya ufukweni, aliyerudishwa nyumbani hoteli ilipofungwa, alinieleza kwamba kila akiamka taya limemchoka kana kwamba ametafuna mua usiku kucha. Alikuwa akisaga meno usingizini. Alipofika kwangu baadaye gego lake zima, lisilo hata na tundu, lilikuwa limepasuka katikati kwa wima. Niliwaona wengine kama yeye mwaka huo, na sikuwahi kuona wengi hivyo kwa pamoja. Hofu ya kukosa kodi ilikuwa inaishia kwenye meno.

Mwezi wa Julai njia zikafunguliwa na watu wakaanza kurudi. Julai hiyohiyo, tarehe 10, daktari wa kwanza wa Kenya alifariki kwa korona, mwanamke, bado kijana. Sikumjua, lakini siku mbili nilifanya kazi nikimfikiria kila nilipofunga kamba za barakoa. Ilinibidi nichague: nikae mbali na vinywa, au nitafute namna ya kufanya kazi bila ukungu.

Namna hiyo ilikuwepo, na ilikuwa ya jirani. Katikati ya miaka ya 1980, Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kutibu meno yaliyotoboka bila mashine wala umeme: unakwangua uozo kwa vyombo vya mkono, unaliziba tundu kwa simiti inayoshikamana na jino yenyewe. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani iliyowekwa kwa ajili ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitambulisha kwa ulimwengu. Chuoni tulifundishwa kama tiba ya vijijini, kwa watu wasio na umeme. Tuliifanyia mtihani, tukaisahau. Mimi nilikuwa na umeme, na kiti cha kisasa, na mashine tatu, kwa hiyo niliiona ni tiba ya wale waliokosa ya kwangu. Nilikosea miaka kumi na mitatu.

Nilitoa vile vijiko vidogo chini ya droo, nikavichemsha, nikavinoa. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mvulana wa Majengo, miaka minane, ambaye mwaka uliotangulia aliruka kutoka kitini kwa sababu ya mlio. Safari hii hapakuwa na mlio. Unaingiza kijiko pembeni mwa tundu, unakizungusha kwa ncha za vidole, na uozo unatoka vipandevipande, laini, rangi ya kahawa, kama ngozi iliyolowa maji. Unaposhuka unafika mahali ambapo sauti inabadilika: kile kijiko kilichokuwa kimya kinaanza kukwaruza. Hapo ndipo jino zima lilipo. Mkono unalijua kabla ya jicho. Ndipo unga na maji ya simiti ya glasi ionoma vinakandwa haraka juu ya karatasi, unakijaza kile kitundu, unapaka kidole Vaseline na kukikandamiza juu yake, unahesabu. Tulisikia tuktuk zikipita chini. Tulisikia adhana ya Adhuhuri mwanzo mpaka mwisho. Mvulana alifumba macho, nikadhani anaogopa, kumbe amesinzia.

Kwa meno ya watoto wadogo zaidi nilitumia matone ya dawa yenye fedha na floridi, ambayo huusimamisha uozo na kuacha doa jeusi. Niliwaeleza wazazi habari ya doa kabla ya kufungua chupa, na wengi walikubali. Mwaka 2021 dawa hiyo na simiti ya glasi ionoma viliingizwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima. Niliposoma nilifurahi kama mtu aliyesikia mtoto wa mtaani kwao amepata kazi.

Tarehe 3 Agosti 2020 shirika hilohilo lilikuwa limetoa mwongozo uliosema huduma za meno za kawaida ziahirishwe palipo na maambukizi mengi, na panapotibiwa zipendelewe njia zisizotoa ukungu. Wenzetu wa Marekani waliukataa waziwazi ule ushauri wa kuahirisha. Mimi nilikuwa na upande katika ubishi huo, na upande wangu ulikuwa na kovu chini ya kidevu.

Kazi yote haiwezekani kwa kijiko. Mzizi uliokufa unataka mashine, na gego lililojifungia mfupani linataka kuchongwa. Hapo tulitegemea upepo. England walipofungua tena mwezi wa Juni walitakiwa kuacha chumba kitupu saa nzima baada ya kila kazi yenye ukungu. Mimi nilikuwa nimekodi ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani, dari juu, madirisha marefu pande mbili, ambayo kwa miaka niliyaziba kwa sababu ya kiyoyozi. Fundi akaja akayafungua. Ulikuwa msimu wa kusi, upepo unaingia kutoka baharini mchana kutwa. Tukakizungusha kiti mpaka tukawa sisi tumesimama upande upepo unakotokea, na ukungu wa kinywa unachukuliwa kutoka kwetu na kutolewa dirisha la pili, juu ya mabati, hakuna mtu. Nilikuwa nikichoma ubani mezani kabla ya mgonjwa wa kwanza, kuutazama moshi unaelekea wapi. Waliojenga nyumba zile walijua kitu kuhusu hewa.

Kusi likikata tuliungua. Barakoa nzito mbili, ngao ya plastiki usoni, kofia juu ya mtandio, gauni lisilopitisha maji, na joto la Mombasa bila kiyoyozi. Ngao ilifanya ukungu wake yenyewe kutokana na pumzi zangu mpaka nikawa natibu kwa kupapasa. Jasho lilijaa ndani ya glovu, nikizivua linamwagika sakafuni. Barakoa ilinichimba alama puani ambayo haikuondoka hadi mwaka uliofuata. Na wagonjwa hawakunisikia. Kinachomtuliza mtu kitini ni uso na sauti, na vyote viwili nilikuwa nimevifunika. Tulibandika picha zetu vifuani, mimi na msaidizi, tukiwa tunacheka, na bibi mmoja wa Frere Town aliigusa picha yangu kwa kidole akaniambia, "Aa, kumbe ni wewe."

Lakini ule mchoro wa gazeti haukutimia kama tulivyouogopa. Uchunguzi wa madaktari wa meno karibu 2,200 wa Marekani mwezi wa Juni 2020 ulikuta kwamba chini ya mmoja kwa mia ndiye aliyekuwa ameambukizwa. Nadhani najua sababu, na inatoka mbali. Wazee waliotufundisha walianza kazi mikono mitupu, vidole ndani ya damu za watu. Ni UKIMWI, miaka ya 1980, uliowavalisha glovu na kuwafundisha kumhesabu kila mgonjwa kuwa huenda ana kitu, pasipo kumnyanyapaa yeyote. Sisi tulirithi mazoea hayo. Gonjwa moja lilikuwa limeshatutayarishia jingine.

Mimi sikuponyoka. Novemba 2020, asubuhi, niliifungua chupa ya mafuta ya karafuu ili nikande simiti ya muda. Nikakanda. Kitu hakikuwa sawa, na ilinichukua muda kujua ni nini: hapakuwa na harufu. Nikaiinua chupa mpaka puani, nikavuta kwa nguvu, macho yakaniwasha lakini pua haikupata chochote. Nikamwita msaidizi, akiwa mbali, nikamwomba anuse. Alisita mlangoni. "Inanukia, Daktari," akasema, na sauti ikamkatika, kwa sababu alielewa palepale. Nilimfungia mgonjwa jino kwa chombo cha mkono, nikamweleza ukweli wote, nikafunga zahanati, nikapiga simu kwa kila niliyemwona wiki ile. Mamangu alihamishiwa kwa dadangu siku hiyohiyo. Mungu alimhifadhi.

Siku kumi na nne chumbani, na msaidizi kwake Likoni naye kikohozi. Ni yeye aliyenipa au ni mimi niliyempa, hatukuulizana, wala hatujaulizana mpaka leo. Alhamisi mbili zilifika nikiwa ndani. Nilipiga simu za daftari nikiwa nimelala, sauti imekauka, na wagonjwa wangu ndio waliokuwa wakiniuliza mimi: umelala? umekula? unameza? Mama wa Kibokoni alituma mahamri, bintiye akayaacha mlangoni. Niliyala bila kuonja kitu, iliki wala nazi. Niliyala yote.

Harufu ilirudi miezi ikipita, na haikurudi nzima. Karafuu naisikia sasa, ila kwa mbali, kama inatoka nyumba ya pili. Machi 2021 chanjo zilipofika nchini nilipanga foleni na wahudumu wenzangu, na tarehe 20 Oktoba mwaka huo, Siku ya Mashujaa, kafyu ikaondolewa. Ramadhani iliyofuata tulifungua tena usiku, baada ya tarawehe.

Daftari la kijani lilijaa, tukanunua la pili, sasa tuko la nne. Hatuandiki tena "subiri" peke yake. Tunaandika "subiri hadi", na tarehe, na jina la atakayepiga simu, mimi au yeye. Alhamisi hii kuna majina sita.

Katika yale 41 ya mwanzo, 38 yana alama ya vema. Kati ya watatu waliobaki, mmoja nilisikia alifariki 2021 kwa maradhi mengine. Wawili sijui walipo: mvuvi wa Mtwapa mwenye chonge lililokatika, na binti aliyekuwa akienda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani na kutaka meno yake yamalizwe kabla ya safari. Kila mwanzo wa mwezi nazipiga nambari zao. Sauti ileile ya kike huniambia mteja hapatikani kwa sasa. Naandika tarehe pembeni, na ukingo wa ukurasa ule umejaa tarehe mpaka nimeanza kuandika nyuma yake.